Fundi Sponji na Makochi Yaliyosema

Kaka yangu ni mtu maarufu. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe, enzi za utukufu wake, hakuwa akianza na kitu kingine. Ukimwambia habari za asubuhi, anakujibu kwa idadi ya wafuasi. Ukimuuliza mkewe anaendeleaje, anakuambia video ya juzi imefika mpaka ng'ambo. Mtaani wanamwita Sponji tangu ujana wake, kwa vile alikuwa akipita na vipande vya sponji kichwani huku njia haioni, na jina likamganda. Mtandaoni alijiita Daktari wa Makochi. Udaktari huo aliusomea kwa muda ule ule aliotumia kuuandika kwenye simu.

Kazi yetu ni kuvua makochi na kuyavisha upya. Karakana tuliachiwa na baba: chumba kirefu chenye mlango wa bati, meza ya kukatia vitambaa, cherehani yangu kwenye kona yenye mwanga, na vumbi la sponji kuukuu ambalo likishakuzoea halikutoki hata ukioga mara mbili. Kaka anang'oa pini, anakaza springi, anapigilia. Mimi nashona. Wifi yangu, mke wa kaka, anapokea wateja na kuwapangia siku, na ndiye mwenye akili ya karakana nzima, ingawa jambo hilo huwa halisemwi mbele ya mumewe.

Mtu ambaye hajawahi kuvua kochi hajui linavyokula. Pale mgongo unapokutana na kiti, pana mdomo, na mdomo huo haushibi. Vijiko, vitana, rimoti, soksi ya mguu mmoja, kalamu za ofisi, funguo za nyumba ambayo wenyewe walishahama. Baba alikuwa na utaratibu wake. Kila kilichotoka tumboni mwa kochi kilitiwa kwenye kifuko cha kitambaa, kifuko kikafungwa kwenye mguu wa kochi, kochi likarudi kwa mwenyewe, na hakuna aliyesema neno. Kuna bwana mmoja mzito wa hapa mjini, kochi lake lilitoa kitu ambacho hakikuwa cha mkewe wala cha binti zake. Baba hakukifunga mguuni. Alimpelekea mwenyewe mkononi, akamuuliza habari za kazi, akarudi. Yule bwana alituletea makochi mpaka alipofariki, na baada yake wakaleta wanawe. Hayo ndiyo yalikuwa matangazo yetu ya biashara: kufunga mdomo.

Halafu likafunguliwa duka la samani kule barabara kuu, lenye vioo mpaka chini na makochi meupe ambayo bila shaka yalibuniwa na mtu asiye na watoto. Unaliona kochi kwenye simu, unabonyeza, linakuja na gari. Miguu inalegea kabla mwaka haujaisha, lakini picha ilikuwa nzuri, na mtu akishaipenda picha humwambii kitu. Wateja wetu wakaanza kupungua mmoja mmoja. Wifi akawa anafagia karakana asubuhi, na mchana anaifagia tena, maana hakuna kilichoingia katikati.

Ndipo kaka akasikia kuna semina ya kukuza biashara ndogo kwa mitandao. Ilikuwa ya bure, maana yake ulilipia kiingilio, cheti na chai. Msemaji alikuwa kijana aliyejiita Kocha. Sijui alikuwa akifundisha timu gani. Nilimwona baadaye alipokuja karakana kupiga picha na kaka: suti ya buluu iliyombana mpaka nikauhurumia mshono wa kwapani, na miwani ambayo ikihitajika kusomea kitu anaivua. Huyo ndiye aliyemwambia kaka yangu kwamba watu hawanunui makochi.

"Hawanunui makochi?" nikamuuliza kaka aliporudi.

"Wananunua hadithi, mdogo wangu."

"Na hadithi wanaikaliaje?"

Alinitazama kwa huruma, jicho ambalo watu waliotoka semina huwatazamia waliobaki nyumbani.

Alifungua ukurasa. Akaweka picha ya kochi la kijani, upande wa mbele. Kesho yake akaweka kochi lile lile, upande wa nyuma. Waliopenda ni mimi, wifi, binamu yetu mmoja ambaye hupenda kila kitu hata matangazo ya misiba, na bwana fulani mwenye picha ya farasi, ambaye alituandikia kwamba anaweza kututajirisha kwa pete. Kaka akapiga simu kwa Kocha. Kocha akamwambia ukurasa wake hauna hisia. Basi picha zilizofuata kaka akawa anasimama mwenyewe mbele ya kochi, amekunja sura, kusudi hisia zionekane. Mteja mmoja akampigia wifi kuuliza kama kuna msiba.

Mambo yalibadilika siku kaka alipokuwa akivua kochi la familia moja huku simu inarekodi, akatoa rimoti, kitana na meno matatu ya uma. Akaishika rimoti mbele ya kamera akasema, "Haya, mliomsingizia mtoto wa jirani mko wapi?" Kumbe hiyo ndiyo hisia iliyokuwa ikitafutwa. Watu wakacheka, wakasambaza, wakaandika yao. Kila nyumba ina rimoti iliyowahi kupotea na mtoto wa jirani aliyesingiziwa. Jioni yake kaka hakula. Alikaa na simu mkononi anasoma maoni kwa sauti, na wifi alipomwambia chakula kinapoa, akamsomea maoni hayo pia.

Kipindi kikazaliwa. Akakiita "Kochi Limesema". Akachukua mguu wa kiti kilichovunjika, akaupigilia ubao, akapata kisimamio cha simu. Akanunua taa ya duara. Akanunua shati jeupe la kidaktari, nikalipunguza mikono mwenyewe, kwa hiyo nami nilishiriki katika taaluma. Kila kochi lililoingia sasa lilipasuliwa hadharani. Kaka anachomoa kitu polepole, anakiinua, ananyamaza kidogo, halafu anasema, "Kochi limesema!" na huko mitandaoni wanaangua vicheko.

"Baba yenu alikuwa anafunga kifukoni," wifi alimwambia siku moja, bila ugomvi.

"Baba hakuwa na intaneti."

"Alikuwa na wateja."

"Mke wangu, mimi nina wafuasi wengi kuliko wapiga kura wa kata hii."

Hilo lilikuwa kweli, na sikatai. Tatizo la wafuasi ni kwamba walikuwa na makochi yao huko waliko, na wala hawakuwa na nia ya kutuletea. Waliokuja karakana walikuja kupiga picha. Binti mmoja alikuja amejipamba, akakaa juu ya fremu iliyovuliwa ili apigwe picha ya kisanii, pini ikamchoma pale ambapo binti hawezi kuonyesha, akaenda kutuandika mtandaoni kwamba karakana yetu si salama. Kaka alifurahi sana. Alisema hata kusemwa vibaya ni kusemwa.

Wenye makochi ya kweli wakaanza kuona cha moto. Kinyozi wa kona alituletea kochi lake la wageni, kaka akatoa hereni ndefu yenye vishanga, akaichezesha mbele ya taa, akasema, "Kochi limesema, shemeji yupo!" Hakumtaja mtu. Lakini mke wa kinyozi alilijua kochi lake, na zaidi ya hapo, mke wa kinyozi hajawahi kutoboa masikio. Kinyozi alilala kwenye kiti chake cha kunyolea kwa muda, na tangu hapo akipita mbele ya karakana anavuka barabara.

Habari zikaenea. Mwenye bucha alileta kochi lake akaja na kiti chake mwenyewe, akaketi pembeni kutoka pini ya kwanza mpaka ya mwisho, mikono kifuani, hamuulizi mtu kitu. Mwingine alilileta likiwa limeshapasuliwa kila mahali, sponji zinaning'inia, akasema, "Nimekusaidia kazi, fundi." Wengine walimpigia wifi simu kuahirisha. Mama mmoja ambaye springi yake ilikuwa imemchania sketi alisema wamelitazama upya kochi lao wameona bado ni zima kabisa. Ghafla mji mzima ukawa na makochi mazima. Sijawahi kuona ufundi wa aina hiyo.

Kaka alisema ni wivu. Kocha, ambaye sasa alikuwa akishauri kwa kulipwa kwa saa, alisema ni kipindi cha mpito.

"Ukiona wateja wanapungua, jua jina linakua," alimwambia kwenye simu, nami nilisikia kwa sababu kaka alipenda kuweka sauti ya nje ili tufaidike sote.

"Na wakiisha kabisa?" nikauliza kwa mbali.

"Huyo ni nani?" Kocha akauliza.

"Mshonaji tu," kaka akajibu.

Sikuongea naye mpaka kesho yake mchana, na kesho yake mchana niliongea naye kwa sababu tu alikuwa amekalia mkasi wangu.

Ilifika mahali wifi akatukalisha chini. Ni mwanamke mpole, hapandishi sauti, ndiyo maana akikukalisha chini unakaa. Akasema mambo yalivyo. Kazi ikikosekana tena, karakana ya baba inafungwa. Kaka ataenda kuomba kazi kwenye lile duka la vioo, awe anabeba makochi meupe na kufunga miguu yake inayolegea. Mimi nitachukua cherehani yangu nikashonee nyumbani, sebuleni, ambako hakuna nafasi ya kutandaza hata foronya. Kaka alisikiliza huku kidole gumba kinatembea kwenye simu. Wifi akaitoa ile simu mkononi mwake, akaigeuza kifudifudi mezani, akaendelea.

Akasema lipo tumaini moja, na tumaini hilo lilikuwa Mama Ukumbi.

Mama Ukumbi ni mjane anayeukaribia uzee, mwenye kutunza funguo za ukumbi wa jamii, ule unaofanyiwa harusi, mikutano na misiba. Jina lake halisi nadhani wanalijua wanawe tu. Alikuwa mteja wa baba, kisha akawa wetu, na mambo ya ukurasa hakuyajua kwa sababu simu yake aliitumia kuongea na watoto wake walio mbali na kutumiana salamu na dada yake. Kamati ya ukumbi ilikuwa imekubali viti vyote vya kukalia vivishwe upya. Viti vyote! Kazi ya kutuweka mjini. Mama Ukumbi alisema ataleta kwanza kochi la nyumbani kwake, kamati waje walione likikamilika, wakiridhika viti vinafuata.

Liliingia asubuhi, kochi la watu watatu, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee chenye maua ya manjano, limebonyea upande mmoja.

"Upande huu alikuwa anakaa mzee wangu," alisema, akalipapasa pale penye bonde. Mumewe alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. "Akishakula mchana anajilaza hapo hapo. Nilisema sitaligusa, lakini sasa wageni wakikaa wanazama."

"Tutalinyoosha, Mama, usiwe na wasiwasi," kaka akasema.

"Sina wasiwasi. Baba yenu namjua."

Alipotoka tu, wifi akamgeukia mumewe. "Hili hulipigi picha."

"Silipigi."

"Apa."

Akaapa. Akaapa kwa vitu vikubwa vikubwa, mpaka nikaona aibu kwa niaba ya hivyo vitu.

Na kwa haki yake, siku ile alijizuia. Alitoa miguu, akalegeza kitambaa cha chini, akaenda nyumbani. Lakini ukurasa ulikuwa na njaa. Hapakuwa na kochi jipya kwa muda, na wale wafuasi waliokuwa wakimpenda mno walianza kuuliza, "Daktari umefariki?" na wengine wakajibu badala yake kwamba ndiyo. Idadi ikaanza kushuka. Kila ikishuka kaka alikuwa akiguna, mguno wa mtu aliyekanyagwa. Asubuhi iliyofuata wifi alikwenda sokoni kutafuta kitambaa cha kochi la Mama Ukumbi, na nilipoinua macho kutoka kwenye cherehani, taa ya duara ilikuwa imewaka na shati jeupe limevaliwa.

"Kaka, hilo ni la Mama Ukumbi."

"Simtaji jina. Nani atajua ni la nani? Makochi yanafanana."

"Uliapa."

"Niliapa kutopiga picha. Hii ni video."

Akaingiza mkono kwenye lile bonde, akapekua, akatoa kitufe cha shati. Akatoa kipande cha gazeti. Nikaona amekata tamaa, nikashukuru. Kisha mkono ukaingia mpaka begani, ukazunguka, ukatoka na meno.

Meno ya bandia, ya juu na ya chini, ufizi wa waridi, mazima kabisa. Kaka aliyatazama, nami niliona kabisa jinsi furaha ilivyompanda kutoka miguuni. Akayageuzia kwenye kamera. Akatia vidole, akayafungua, akayafunga, ko-ko-ko, na kwa sauti nzito iliyotoka chini ya kifua akayasemesha: "Nani kazima taa humu? Nimekaa gizani mwaka mzima, hakuna hata aliyeniletea chai! Mnakula huko juu mnadhani sisikii? Hebu nipeni nyama, niwaonyeshe!" Meno yakamng'ata kidole, kaka akapiga yowe, meno yakaomba radhi.

Nilicheka. Nisingependa kusema vinginevyo. Nililalia cherehani nikacheka mpaka uzi ukakatika, kwa sababu kaka yangu, pamoja na upuuzi wake wote, anajua kuchekesha.

Video ile haikusambaa. Kusambaa ni neno dogo. Iliingia kila simu yenye chaji. Wifi alionyeshwa sokoni na muuza vitambaa, ambaye hakujua anamwonyesha mke wa nani. Aliirudia mara mbili kwa hisani yake. Wifi alirudi na kitambaa begani, akakiweka mezani, akaketi kwenye kiti chake cha kupokelea wateja, akakaa hapo mpaka jioni. Kaka hakuona. Kaka alikuwa akipokea simu. Watoto barabarani walipita wakigonganisha vidole na kupaza sauti nzito, "Nani kazima taa!" Mtu wa dawa ya meno aliandika kuuliza bei ya kutangaziwa. Na Kocha alipiga, sauti ya nje kama kawaida, akasema machozi yanamtoka.

"Umefika, Daktari! Nataka uje semina ijayo utoe ushuhuda."

"Ushuhuda wa nini hasa?" kaka akauliza, kwa unyenyekevu wa kujionyesha.

"Wa jinsi ulivyoinua biashara yako."

Kaka akatazama karakana. Palikuwa na kochi moja. Nadhani kwa nukta moja alitaka kusema ukweli, lakini nukta ikapita, akasema atakuja.

Kesho yake, kabla jua halijawa kali, tukasikia hodi. Ilikuwa Mama Ukumbi, amevaa vizuri, mkoba mkononi, funguo za ukumbi shingoni.

"Shikamoo, Mama," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mmeamkaje?"

Tukasema tumeamka salama. Kaka akarukia kitambaa akafuta stuli. Meno yalikuwa pale pale rafuni, ndani ya glasi, chini ya taa ya duara, kwa sababu kaka alikuwa amepanga sehemu ya pili. Akasimama mbele ya rafu, na kwa kuwa ni mnene kiasi nilidhani inaweza kusaidia.

"Kochi linaendelea vizuri, Mama. Kitambaa kimeshapatikana. Ukikiona utakipenda."

"Nimekuja kuchukua meno," akasema Mama Ukumbi.

Wifi akainuka, akamsogeza mumewe pembeni, akaichukua ile glasi kwa mikono miwili akampelekea. Mama Ukumbi akafungua mkoba, akatoa leso safi iliyopigwa pasi, akayatoa meno, akayakausha pande zote, taratibu, mpaka kwenye kona za nyuma. Alikuwa amelifanya jambo hilo mara nyingi maishani mwake, lilionekana mkononi.

"Tuliyatafuta sana haya," akasema. "Kwenye makoti, chini ya kitanda, mpaka kwenye pipa la taka. Mzee alikuwa na tabia ya kuyavua akilala mchana, nami namgombeza. Alipofariki tukayakosa. Niligombana na watu wa mochwari, nikawaambia wameyaiba. Kijana wa watu akaniapia mpaka akalia. Nikamzika mdomo umeingia ndani. Watu walipopita kumuaga, nilishika kitambaa nikamfunika hapa chini, nikasema ni kwa ajili ya vumbi."

"Mama, naifuta," kaka akasema. "Naifuta sasa hivi, na ukurasa wote naufuta." Na aliifuta kweli. Alisimama pale akibonyeza, simu ikimuuliza kila mara kama ana hakika, naye anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Mama Ukumbi alimsubiri amalize.

"Kwangu ipo," akasema. "Na kwa watoto wangu ipo. Niliwatumia mimi."

Kaka akainua uso.

"Dada yangu ndiye aliyenitumia jana. Akaniandikia, usikae na huzuni peke yako, hebu tazama vituko hivi. Nikafungua. Nilicheka, fundi. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, jirani akaja kuuliza kuna nini. Tangu nimzike mzee sijawahi kucheka namna ile. Nikasema hii lazima watoto waione, nao wacheke, nikawatumia mmoja mmoja. Kisha mwanangu wa mwisho akanipigia. Nilipopokea nilikuwa bado nacheka. Akaniuliza, Mama, hilo pembeni yake si kochi letu?"

Wifi alikuwa ameanza kulia. Mimi niliangalia mguu wa cherehani.

"Kochi limalizieni, maana sina pa kukaa," Mama Ukumbi akaendelea, huku akikunja ncha za leso. "Nitalipa, tena nitalipa yote. Ila viti vya ukumbi nitawaambia kamati watafute mtu mwingine. Siyo kwa hasira, msinielewe vibaya. Lakini pale ndipo watu wanapokaa na misiba yao, na siwezi kuwapa ninyi viti vyao, kisha niwaambie wao wako mikono salama."

"Ni haki yako, Mama," wifi akasema.

Hapo karakana ya baba ilifungwa, ingawa mlango ulibaki wazi mpaka mwisho wa mwezi. Kaka alijua, nilimwona akijua.

Mama Ukumbi akatia leso ndani ya mkoba, akavuta zipu, akasimama. Mlangoni akageuka, akamtazama kaka vizuri, bila chuki.

"Na ile sauti uliyoiweka siyo," akasema. "Mzee wangu hakuwa na sauti nene vile. Alikuwa na sauti nyembamba sana. Simu ikipigwa nyumbani akipokea, watu walidhani wanaongea na mimi."

Kaka akamfungulia mlango.